Barua Iliyowekwa Chini ya Mengineyo

Kwa miaka minne nilikuwa mwenyekiti wa tawi la jimbo la chama chetu cha wataalamu wa matamshi na usikivu. Kazi ya kujitolea, isiyo na mshahara wala shukrani, kama nilivyopenda kumwambia kila aliyekuwa na subira ya kunisikiliza. Jumamosi moja kila mwezi tulipima masikio ya watoto katika ukumbi wa kanisa kule Point, mtaa wa karibu na bandari, kisha kamati ikakaa kikao papo hapo. Cheo kile nilikipenda. Naona haya kusema nilikipenda kiasi gani.

Pale Point tulikuwa na msaidizi kutoka Kongo, mama wa makamo aliyesuka nywele saluni siku za kazi. Aliwapigia simu wazazi, akapanga viti, akachemsha chai. Kwao alikuwa ameisomea kazi hii hii yetu na kuifanya miaka sita, ila hapa ugenini cheti chake hakikuwa kimesajiliwa. Aliniambia mwenyewe, nami nikaitikia tu kwa adabu, mpaka siku mtoto mmoja wa kike alipokataa katakata kuvaa hedifoni zangu. Nilimbembeleza hadi nikakasirika. Yule mama akaja, akazivaa yeye, akatega sikio kama mtu anayenong'onezwa siri, akadondosha kijiti kwenye ndoo na kucheka. Dakika mbili baadaye mtoto alikuwa amezivaa, anadondosha vijiti kila anaposikia mlio, na mimi nimeshika kalamu kama karani. Wenzangu wawili walikuwa wakitazama.

Wiki ile ile aliniomba barua. Ofisi ya usajili ilitaka chama kithibitishe kwamba anajitolea nasi, na barua ifike kabla maombi ya mwaka hayajafungwa. Ukurasa mmoja tu. Mimi nilipokuja hapa kutoka Mombasa, mwenyekiti wa wakati huo aliniandikia barua ya namna hiyo nikiwa nimesimama mlangoni kwake.

Nikamwambia lazima ipite kwenye kamati. Haikuwa lazima. Nikaiweka mwisho kabisa wa ajenda, chini ya Mengineyo, na sote tulijua vikao vyetu havifiki huko, maana ikigonga saa saba watu wanaanza kutafuta funguo za magari. Mwezi wa kwanza muda uliisha wenyewe. Wa pili niliurefusha makusudi mjadala wa rangi ya mabango. Wa tatu nikasema, "Tuahirishe," na hakuna aliyeuliza kwa nini. Nilijidanganya kwamba nina shughuli nyingi. Ukweli ni kwamba akisajiliwa angekuwa mwanachama kamili, angeketi nasi mezani, na watu wangeona nani hasa anaijua kazi. Nilimwonea wivu mtu aliyekuwa akinipangia kiti.

Barua niliiandika siku nne baada ya maombi kufungwa. Ilinichukua dakika kumi. Niliipeleka saluni nikiwa nimejiandalia maneno yangu kuhusu taratibu. Alikuwa katikati ya kusuka. Akafuta mikono, akaisoma yote, akaikunja vizuri.

"Merci, Mama Présidente. Délai ya maombi ilishapita. Nitaituma mwaka inakuya."

"Unajua, dada, kamati yetu..."

"Najua. Zile kumbukumbu za vikao, ni miye nilikuwa natoa photocopie. Nilisoma zote."

Hakuisema kwa hasira, na hilo ndilo lililonimaliza. Nilikuwa nimesahau kabisa. Kila mwezi nilimkabidhi karatasi zile kwa mkono wangu, atoe nakala nane, na kila mwezi alilikuta jina lake chini kabisa, na mbele yake neno "imeahirishwa". Alizibana kwa pini akazileta mezani kwetu. Mteja wake alinitazama kupitia kioo, nikainamisha macho.

Pale ndipo nilipopaswa kumwomba radhi. Badala yake nilisikia mdomo wangu ukimuuliza kama Jumamosi atakuja, maana watoto walioandikishwa walikuwa wengi.

Alikuwa ameshazirudia nywele za mteja.

"Nitakuya, mama. Batoto habana kosa."

Nikamshukuru, nikatoka. Radhi sijamwomba mpaka leo.