Siku Mama Alipoleta Kuku Sinema

Kule Nyangezi walisema sitafika popote. Katekista alisema kichwa changu hakishiki kitu, na baba yangu mdogo alitangaza mbele ya watu kwamba siku mtoto wa mjane atakaporudi na diploma, yeye mwenyewe atanichungia mbuzi (diploma nilirudi nayo, mbuzi hajawachunga hadi leo). Wengine walisema nitaishia kuchimba dhahabu Mwenga kama vijana wengine, nirudi na kikohozi na mikono mitupu. Basi mimi nilikwenda Kinshasa, nikakaa miaka mitano, nikala mara moja kwa siku na siku nyingine nisile, na nikarudi gradué, mhitimu wa umeme, wa kwanza kijijini kwetu, na karatasi yenye muhuri ambayo mtu yeyote anaweza kuja kuiona. Nayasema haya yote kwanza kwa sababu nina aibu ya kueleza, na nataka mkumbuke kwamba upumbavu huu haukufanywa na mjinga. Ulifanywa na msomi.

Nilifika Bukavu miezi miwili kabla ya Noeli. Kazi nilipata kwenye kampuni moja ya mjini, lakini mshahara wa kwanza ulikuwa bado unazunguka kwenye makaratasi, na mtu mwenye diploma hawezi kuingia ofisini na shati la shule, kwa hiyo niliazima. Abacost ya kijivu, ile suti isiyovaliwa tai, aliniazima Tonton Cirhuza, mwenye nyumba nilimopanga chumba kule Kadutu, na siku aliponipa alinyoosha kola yake kwa vidole viwili akaniambia niitunze kuliko ngozi yangu. Viatu vyeusi vilikuwa vya jirani yangu mwalimu, vidogo kuliko mguu wangu, nikawa natembea kama mtu anayekanyaga mayai. Saa ya mkononi ilikuwa ya mwenzangu wa kazini. Haikuwa ikitembea, lakini iling'aa.

Sasa, mama. Mama yangu alinisomesha kwa mihogo na maharage, na kwa kitenge kimoja kizuri alichokiuza mwaka ule nilipokosa nauli ya kwenda masomoni. Kutoka Kinshasa nilikuwa nikimwandikia, na katekista yule yule ndiye aliyemsomea barua, na katika barua moja niliahidi kwamba nikirudi, Noeli ya kwanza, nitampeleka sinema mjini, si kwenye benchi, kwenye kiti chenye mgongo, na mimi nitakaa kando yake. Katekista aliisoma kwa sauti kubwa na majirani wakasikia. Tangu siku hiyo mama alikuwa akiulizwa kisimani: hiyo kiti yenye mugongo, iko wapi? Kumbe alikuwa akijibu kila mara kwamba inakuja.

Miaka ile Noeli ilikuwa imeondolewa katika sikukuu za serikali, tarehe ishirini na tano tulikwenda kazini kama siku nyingine, kwa hiyo watu walijilipia Jumapili. Mchana wa Jumapili ya kabla ya Noeli sinema ilikuwa inaonyesha filamu ya Wazungu, yenye theluji na kengele, na mji mzima ulitaka kuiona. Nikampa salamu dereva wa lori linalopita Nyangezi, amwambie mama aje, kuna filamu ya Noeli, tukutane mlangoni saa nane. Sikueleza zaidi. Mtu mwenye diploma anafikiri kila mtu anajua anachokijua yeye.

Ijumaa mkurugenzi wetu aliniita. Alikuwa mtu wa Muhumba, mtaa wa wakubwa, mwenye nyumba ya ghorofa na bustani, na mimi sikuwa nimewahi kuambiwa naye neno lolote zaidi ya bonjour. Akaniambia kwamba yeye na mke wake wanakwenda sinema Jumapili, shemeji yake ameugua, wana tiketi moja imebaki, ya juu, kwenye balkoni, niichukue nikakae nao. Nikasema merci, Citoyen Directeur. Hapo ndipo ningeongeza maneno matatu tu, kwamba nitakuja na mama. Sikuyaongeza. Nilijiambia mama atafurahi chini kama vile angefurahi juu, filamu ni ile ile, na giza likishaingia nani anajua nani amekaa na nani.

Jumapili nilimkuta mama amefika kabla yangu, amejifunga vitenge viwili, mafuta yanang'aa usoni, kichwani kitunga kilichofunikwa kwa kitambaa. Nilidhani ni kapu la chakula changu (mama hakuwahi kuja mjini mikono mitupu), na kwa kuwa nilikuwa nikiangalia kama gari la mkurugenzi limefika, sikuuliza. Nikamnunulia tiketi ya chini, nikamwingiza, nikamkalisha safu ya tatu. Kiti kilikuwa na mgongo. Akaupapasa mgongo ule, kisha akapapasa kiti cha kando kilichokuwa kitupu.

"Na wewe?" akaniuliza.

"Mimi niko na kazi kidogo huko juu, Mama. Ikiisha nitashuka."

Akasema haya, kazi ni kazi, akaweka kitambaa kwenye kile kiti ili mtu asikikalie.

Juu nilikaa kati ya mkurugenzi na ukuta. Mke wake alinipa karanga. Kwanza zikaja habari za serikali, tukapiga makofi, halafu ikaanza filamu: kijiji cha Ulaya, mtoto mgonjwa, mama yake anauza mkate, theluji inaanguka bila kuchoka, na chini nikasikia watu wanabishana kama ile ni chumvi au unga. Mkurugenzi alicheka kidogo, nami nikacheka vile vile kidogo, kwa kipimo chake. Nikamweleza jinsi taa ya mashine ya kuonyesha filamu inavyofanya kazi. Alinisikiliza. Nilijiona mtu.

Kisha wale watu wa filamu wakaingia kanisani usiku wa Noeli, na mbele ya altare palikuwa na hori, na horini mtoto.

Lazima nieleze desturi moja ya kwetu, ambayo niliijua tangu utotoni na niliisahau kwa sababu ya karanga za mke wa mkurugenzi. Kule misheni, kila karibu na Noeli, mapadri walikuwa wakitandika shuka jeupe ukutani na kuonyesha filamu ya kuzaliwa kwa Yesu. Hakukuwa na tiketi. Mtoto alipotokea horini padri aliwasha taa, na watu wakasimama na wimbo wa matoleo, wakapita mbele wakicheza, kila mtu na alicholeta, yai, maharage, ndizi, vikapelekwa kwa wagonjwa. Kwa mama yangu, filamu ya Noeli ilikuwa hivyo. Hakuwahi kuona nyingine.

Basi mama alisimama. Alianza ule wimbo peke yake, kwa Mashi, lugha ya kwetu, kwa ile sauti yake ya kwaya, na wanawake wawili watatu wakauitikia, kisha upande mzima wa kushoto, maana mjini wengi tumetoka huko huko, na mama akatoka kwenye safu akicheza taratibu, akafunua kitunga, akatoa kuku. Kuku mweupe. Akamwinua kwa mikono miwili kuelekea kwa mtoto wa horini, na yule kuku, alipoona mwanga wote ule, akamponyoka, akaruka moja kwa moja mbele ya mashine. Kivuli chake kikaingia kwenye pazia kikubwa kama nyumba, kikampiga bawa padri wa Kizungu, kikamfunika Mtoto Yesu mzima mzima.

Sinema nzima ilipasuka kwa kicheko. Vijana walipiga miluzi. Mashine ikazimwa, taa zikawashwa, na meneja wa sinema akatoka mbio, mtu mfupi mwenye funguo nyingi, akasimama mbele akiuliza huyu maman ni wa nani, amekuja na nani, nani amemwingiza na kuku.

Mkurugenzi alikuwa akijifuta machozi ya kicheko. Akanigeukia, bila ubaya wowote, nawahakikishia, akaniuliza: "Citoyen Mugisho, hiyo si wimbo ya kwenu? Yule maman unamujua?"

Watu walikuwa wamenyamaza ili wamsikie meneja, kwa hiyo jibu langu walilisikia wote.

"Hapana, Citoyen Directeur. Simujui."

Mama aliinua uso akatazama juu kwenye balkoni. Aliniona. Nami nilimwona ameniona. Meneja akamuuliza tena, kwa ukali, uko na nani, maman, na mama akageuka akamjibu kwa heshima, kama anavyojibu watu wote.

"Niko mwenyewe, papa. Siko na mutu hapa. Kuku iko ya mutoto."

Meneja akamwambia amtafute kuku wake atoke naye. Mama akapiga magoti, na vitenge vyake viwili na mafuta yake usoni, akaanza kumtafuta kuku kati ya miguu ya watu, akisema pardon, pardon, na watu wakawa wanainua miguu huku wanacheka, na mmoja akaiga sauti ya jogoo.

Mimi nilikuwa nimekaa. Ningependa kuwaambia kwamba niliruka papo hapo. Sikuruka. Nilihesabu safu tano ambazo mama alizipita akitambaa, ndipo nikasimama, nikamkanyaga mke wa mkurugenzi, nikashuka ngazi kwa viatu vile vya mwalimu vilivyokuwa vinalia kama panya, nikafika chini, nikapiga magoti kando ya mama. Na hapo hapo suruali ya Tonton Cirhuza ikapasuka. Si kidogo. Ilipasuka kutoka mshono wa nyuma mpaka karibu na goti, kwa sauti ambayo hata aliyekuwa mlangoni aliisikia, na gradué wa umeme akaonyesha mji wa Bukavu chupi yake ya bluu yenye kiraka.

Kama walimcheka mama, mimi walinicheka mara kumi. Nilimshika kuku chini ya kiti (alikuwa ametulia tu, ndiye peke yake mwenye akili siku ile), nikasimama na mkono mmoja nyuma, nikamwambia meneja, na nikatazama balkoni nilipokuwa nikisema:

"Ni mama yangu. Mimi ndiye nilimuleta."

Kicheko kikapungua, kikabaki huku na huku. Meneja akasema basi mutoke wote watatu. Mama akakataa kumbeba kuku. Akaeleza kwa upole kwamba kitu kikishatolewa hakirudi nyumbani, yeye hawezi. Meneja akamtazama, akamtazama kuku, akasema kwa sauti ya chini kwamba ana watoto saba. Mama akampa kwa mikono miwili.

Nje mvua ilikuwa imeanza. Tukasimama barazani, mama akaangalia suruali yangu, akafungua kitenge chake cha juu, akanifunga kiunoni, akanikaza fundo kama alivyokuwa akinifunga nilipokuwa mdogo, na hivyo ndivyo nilivyorudi Kadutu mchana kweupe, juu abacost, chini kitenge cha maua ya njano, saa inang'aa mkononi. Nilisalimiwa na watu wawili wa ofisini. Niliwaitikia. Mama aliniuliza tu kama viatu vinanibana, nikasema ndiyo, akasema uvivue basi, nikavivua.

Nilidhani nimepoteza kazi. Jumatatu mkurugenzi alipita mezani kwangu, akaniuliza kama mama alifika salama, akaenda zake. Sikujua nifikirie nini, na hadi leo sijui.

Mishahara miwili ilikwenda kwenye abacost. Fundi alishona suruali mpya ya kitambaa kile kile, na siku ilipokuwa tayari nilimwita mama, safari hii kwa barua, nikaeleza kila kitu hatua kwa hatua, tunakwenda wapi na kufanya nini. Tulipita mlango kwa mlango. Kila mlango nilisema kwanza, huyu ni mama yangu, kabla hata ya kusalimu, mpaka mwalimu akaniambia amesikia. Mwalimu alipata viatu vyake vimepakwa kiwi, mwenzangu akapata saa yake. Tonton Cirhuza alinyoosha kola, akageuza suruali ndani nje, akatafuta kosa, hakuliona. Mwisho tukapanda Muhumba, nikamrudishia mkurugenzi bei ya kiti cha balkoni, maana sikukikalia mpaka mwisho. Hakutaka kuichukua. Mke wake akamwambia aichukue, kisha akamletea mama kiti na chai, wakaongea juu ya maharage karibu saa nzima.

Nimeapa tangu siku ile: sikai tena mahali ambapo mama yangu hawezi kukaa, hata wakinipa tiketi ya bure, hata kama ni mkubwa wa nchi anayeniita.

Tulipokuwa tunateremka, sina deni la mtu, nimevaa shati langu la shule, nilipata moyo wa kumuuliza lile nililokuwa nimelibeba miezi yote ile. Nikamuuliza kwa nini alimwambia meneja kwamba yuko peke yake, na alikuwa ameshaniona.

Mama akakaza fundo la kitenge chake.

"Petro balimuuliza mara tatu kama anamujua Yesu," akasema. "Mimi sikupenda bakuulize mara ya pili."