Kidonda cha Verlene na Maji ya Agosti

Verlene alikuwa mchambuaji wa kaa, mtoa nyama gambani, hodari kuliko sisi sote kisiwani, na kwa miaka kumi na tisa nilimwonea gere. Tuliketi meza moja. Mimi nikijaza kopo moja la nyama, yeye ameshafunika la pili, tena huku anaimba. Hata mume wangu alithubutu kusema mezani kwangu, "Nyama ya Verlene haina hata chembe ya gamba." Roho iliniuma.

Agosti ile, mwezi wa joto kali kwetu, siku moja kabla ya mashindano ya kuchambua kaa, kisu kilimteleza kikampasua kiganja. Akaelekea gatini. Sisi watu wa ghuba ndivyo tulivyolelewa: ukijikata, dawa ni maji ya chumvi.

Lakini wiki hiyohiyo nilikuwa nimempeleka mume wangu bara kupimwa presha, na nesi akanionya. Maji ya ghuba yakipata joto hivi yana bakteria wanaokula mwili wa mtu. Kidonda kioshwe upesi kwa sabuni na maji ya bomba.

Nilimkuta Verlene amepiga magoti, mkono umezama majini.

"Idabel! Njoo uone ninavyojitibu. Kesho utakoma, bibi wee!"

"Haya, tutaonana," nikajibu, nikaenda zangu.

Nilitaka mkono uvimbe kidogo tu. Siku moja basi.

Kulipokucha ulikuwa mwekundu hadi kiwikoni, umejaa malengelenge meusi. Helikopta ikamchukua. Mimi nikashinda, nikapigiwa makofi. Madaktari wakamkata vidole vitatu ili abaki hai.

Nilimfuata hospitali nikamweleza yote. Alinitazama mpaka nikainamisha kichwa.

"Kumbe ulijua?"

"Nilijua."

"Ukaniacha, kwa sababu ya kaa?"

"Wivu, Verlene. Wivu ulinijaa."

"Maskini wewe," akasema, akageukia ukutani.

Hakumwambia mtu. Siku hizi hachambui tena. Anakaa mlangoni mwa chumba chetu cha kuchambulia na ndoo ya maji ya bomba na kipande cha sabuni, na hakuna anayejikata akampita. "Lete huo mkono, mwanangu, hayo maji ya ghuba waachie kaa!" Wanawake wanacheka, wanamzunguka, wanampenda kuliko zamani. Nami, mwenye vidole vyangu kumi, naketi peke yangu na makopo yangu, na bado namwonea gere.