Madame Claudette na Sindano Inayogonga Molekuli

Madame Claudette, mwalimu wa kemia pale Mushaki, hakuwa mtu wa kudanganya wanafunzi. Ndiyo maana swali la Kétsia lilimkereketa wiki nzima. Alikuwa amewasimulia habari za sindano yenye ncha nyembamba kupita unywele mara maelfu, ambayo wataalamu huigongesha juu ya kitu wapime jinsi molekuli zake zinavyotetemeka.

"Madame, sindano haina macho, haina masikio," Kétsia aliuliza. "Inajua namna gani?"

Claudette akajibu maneno ya kitabuni, matupu, akaona haya. Tena siku zilikuwa zinakwisha: mizinga ilinguruma ng'ambo ya vilima, na kila asubuhi dawati jingine lilibaki wazi. Alitaka Kétsia apate jibu kabla hawajatawanyika.

Jumamosi akaenda kwa Papa Nzabandora, mtengeneza jibini. Mzee huyo hutambua jibini lililoharibika ndani bila kulikata: huligonga kwa kidole, hutulia, kisha husema. Watu hudai anasikiliza, kwa hiyo chumbani mwake hakuna anayethubutu hata kukohoa. Watoto walipopiga kelele mlangoni, Claudette naye akawageukia, kidole mdomoni: "Sss!"

Mzee akacheka hadi mabega yakatikisika.

"Claudette, unawanyamazisha kwa nini? Tangu bombe ilianguka pa soko masikio yangu ilikufa. Sisikie kitu. Iko kidole njo inaniambia."

Ama kweli! Miaka mitatu kijiji kizima kilimsalimu mzee kwa kupaza sauti, na bado kilibana kikohozi kwa ajili yake. Claudette akaweka kidole chake karibu na cha mzee, naye mzee akagonga. Jibini zima lilirudisha mtikisiko mfupi, mkavu; lililooza lilirudisha uliolegea. Kugusa kulitosha. Moyo ukamruka kwa furaha.

Jumatatu hapakuwa na shule. Watu walijaa barabarani wakikimbilia mji wa Sake, na Claudette alitembea akichungulia nyuso hadi akamwona Kétsia, godoro kichwani. Akamshika mkono.

"Sindano haione, haisikie. Inagusa tu, na kile chenye kutetemeka kinaitikisa."

Kétsia akasimama, watu wakawapita wakinung'unika. Mizinga ikapiga tena. Mikono yao yote ilikuwa inatetemeka.

"Sasa Madame, kama sindano yenyewe nayo inatetemeka, itajua namna gani mutetemo iko wa nani?"



"Sijue," Claudette akasema, na safari hii hakuona haya. "Tembea, tutafikiri njiani."