Milango Mipana ya Zahanati

Wateja wake walimwita Fundi Kesho, naye hakulichukia jina hilo. Ukienda kuulizia mlango wako, ulimkuta katikati ya vumbi la mbao, penseli nyuma ya sikio, akakwambia upite kesho. Ukipita kesho, maneno ni yale yale. Watu walimtania, wengine walimnunia, lakini mlango wenyewe ukitoka ulikuwa mlango kweli. Uliufunga kwa kidole kimoja, na msimu wa mvua ulipita bila mlango kuvimba, hata mwenyewe akasahau kwamba alizungushwa. Hivyo ndivyo Fundi alivyoishi tangu ujana wake, na hakuna aliyewahi kumrudishia kazi kwa sababu imechelewa. Hilo ndilo lililokuja kumponza.

Si kwamba alikuwa mvivu. Alingoja mbao zikauke. Alizipanga kwenye kivuli nyuma ya kiwanda, akaweka vijiti katikati ili hewa ipite, na kila asubuhi alizipitia moja moja, akizigonga kwa kifundo cha kidole na kuzisikiliza, kama mtu anayebisha hodi kwa jirani mgonjwa.

"Huu bado unalia," alimwambia mkewe.

"Na mteja naye analia," mkewe alijibu, hata bila kuinua macho kwenye cherehani yake. Alishona foronya za mito ya viti pale mlangoni, na mtaa mzima ulimjua kama Mama Mapacha, kwa sababu ya watoto wao wawili ambao sasa walikuwa watu wazima na kila mmoja na maisha yake mbali.

Makubaliano ya Fundi na wateja wake hayakuwa na karatasi. Mteja alikuja, akachagua mbao, akaweka kiganja juu yake akasema hizi zangu, na Fundi akazipiga alama ya chaki. Basi, imekwisha. Hakuna mwingine aliyeuziwa mbao hizo, na mwenye alama hakuwahi kukana.

Sasa, nyuma ya soko palianza kujengwa zahanati. Mkandarasi wa jengo lile akaja mwenyewe kiwandani, akapangusa benchi kwa leso, akaketi. Alitaka milango yote. Akatoa karatasi.

Fundi aliisoma, tena kwa sauti, ili Mama Mapacha naye asikie. Ilitaja vipimo na aina ya mbao. Ilitaja tarehe, ikasema tarehe hiyo ni msingi wa mkataba, na ikipita, mnunuzi ana hiari ya kukataa mali. Ikasema pia kwamba badiliko lolote liandikwe na lisainiwe na pande zote mbili. Yote hayo aliyaelewa, ila aliyaelewa kama mtu anayesoma tangazo la mbwa mkali kwenye geti ambalo hajawahi kusikia mbwa akibweka.

"Tarehe hii unaiweza, Fundi Kesho?" mkandarasi aliuliza huku akicheka.

"Mbao zikikauka, naiweza."

"Karatasi haikusema mbao zikikauka."

"Mbao nazo hazikusoma karatasi."

Wakacheka wote, hata Mama Mapacha, na Fundi akasaini.

Kazi ilikuwa kubwa kuliko akiba yake ya mbao, kwa hiyo alikwenda kukopa kwa muuza mbao, rafiki yake wa siku nyingi. Yule alikuna kidevu kwa muda mrefu.

"Usiniangalie hivyo, ndugu yangu. Huu ndio mzigo wangu wote. Nipe dhamana ya mashine yako ya kuranda, mpaka milango ipokelewe. Isipopokelewa, mashine ni yangu."

"Chukua dhamana. Lini umesikia mlango wangu umekataliwa?"

"Sijasikia," muuza mbao alisema, na hakika hakuwa amesikia.

Mashine ile ndiyo iliyokifanya kiwanda kiitwe kiwanda. Bila hiyo kilikuwa ni kibanda chenye mzee na randa ya mkono.

Mvua zikaanza mapema mwaka ule, zikakaa. Mbao zilizopangwa kivulini zikawa nzito badala ya kuwa nyepesi. Fundi akizigonga, zinajibu kwa sauti ya chini, sauti ya maji. Tarehe ilipokaribia alipata wasiwasi, akajifunika gunia kichwani, akaenda kwenye jengo. Mkandarasi hakuwepo. Alimkuta msimamizi wa kazi, kijana mwenye heshima, viatu vimejaa udongo.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Mwanangu, mbao zinanigomea. Nikiunganisha sasa, mwakani milango itapinda."

Msimamizi akampeleka ndani, akaukandamiza ukuta kwa kidole gumba. Plasta ikabonyea.

"Umeona? Hata ukileta leo, tutaipachika wapi? Hakuna haraka, fundi. Fanya kazi yako vizuri."

Fundi alirudi na moyo mweupe. Mama Mapacha alimwekea chakula, akaketi mbele yake.

"Aliyekwambia hakuna haraka ndiye aliyesaini?"

"Ndiye anayesimamia jengo, mke wangu."

"Sikukuuliza hivyo."

"Ukuta wenyewe ni mbichi. Hata kipofu ataona."

Mkewe akamsogezea maji ya kunawa. Naye alikuwa amezoea kuona watu wakisubiri.

Milango ilipokamilika, tarehe ilikuwa imepita kitambo. Ilikuwa kazi bora kuliko zote alizowahi kufanya. Kila kiungo alikichonga ulimi na tundu, ubao ukiingia ndani ya mwenzake, bila msumari hata mmoja, na milango yenyewe ilikuwa mipana kuliko ya nyumba yoyote, kitanda cha mgonjwa kipite bila kugusa. Gari lilipofika kwenye jengo, mkandarasi alikuwepo. Alipitisha kiganja juu ya mlango wa kwanza, taratibu, kama anayempapasa farasi.

"Kazi safi, fundi. Sitasema uongo."

"Tuishushe?"

"Usishushe. Nimeshapata mingine, ya kiwandani, rahisi kuliko hii. Tarehe yetu ilipita."

"Lakini msimamizi wako alisema..."

"Msimamizi hakusaini na wewe. Mimi ndiye niliyesaini." Akaondoa mkono wake juu ya mlango, akasugua vidole kutafuta vumbi. Halikuwepo.

Binti wa jirani yao alikuwa mwanasheria mjini, na Fundi ndiye aliyetengeneza kitanda alichozaliwa juu yake binti huyo. Fundi alipomwendea, alimpokea vizuri, akausoma mkataba mara mbili.

"Baba, ulisaini kwa hiari yako? Hakuna aliyekulazimisha wala kukuficha neno?"

"Nilisoma mwenyewe."

"Basi unakufunga. Msimamizi angeweza kukwambia mlango huu uende chumba hiki. Kukubadilishia tarehe hakuwa na uwezo nako."

"Kwa hiyo alinidanganya?"

"Hapana. Alisema kweli, plasta ilikuwa mbichi. Ila si kila neno la kweli linamfunga mwenye mkataba."

"Na milango yangu ina kasoro gani?"

"Haina. Ingekuwa na kasoro, hiyo ingekuwa kesi nyingine." Alikunja karatasi, akaikunjua tena. "Upo mlango mmoja tu tunaoweza kubisha. Kama mkandarasi alimtuma msimamizi akwambie vile, tutasema tarehe aliilegeza mwenyewe, na si haki aikaze tena nyuma ya mgongo wako. Sikuahidi kwamba mahakama itakubali. Lakini lazima msimamizi aje aseme alitumwa."

Fundi alimngoja msimamizi nje ya jengo mpaka mafundi wengine walipotawanyika. Alimweleza yote, pamoja na habari ya mashine. Msimamizi alitazama viatu vyake.

"Alijua, mzee. Nilimpigia simu jioni ile ile nikamwambia nilichokwambia. Akasema sawa."

"Basi njoo useme hivyo tu. Usiongeze kitu."

"Nikisema, nitalala sina kazi. Nina mtoto mchanga. Na ukiniita kwa nguvu, nitasema sikumbuki. Nisamehe. Afadhali nikwambie sasa kuliko unisikie kule."

Fundi hakumlaumu wala hakumsamehe. Alisema haya, akashika njia.

Muuza mbao alikuja kuchukua mashine akiwa na vijana wa kubeba, na hakuingia ndani mpaka alipokaribishwa. Alisema mara mbili kwamba neno ni neno. Fundi alishika upande mmoja wa mashine akasaidia kuipakia, kwa sababu vijana walikuwa wanaishika vibaya. Pale ilipokuwa sakafuni palibaki alama nne za miguu yake.

Milango ikarudi nyumbani, ikaegemezwa ukutani kuzunguka ua wote. Watu walikuja kuitazama, wakaisifu, wakapima kwa mikono na kuondoka. Hakuna fremu ya nyumba iliyoweza kuipokea. Kuipunguza nako hakuwezekani, maana ukikata ubavuni unakata zile ndimi zinazoushika mlango, na mlango unaachana. Mama Mapacha alianza kuanika nguo juu yake. Siku moja alisema kwamba wakikosa kuni wataanza na ule wa mwisho, kisha akaona uso wa mumewe, akaomba radhi.

Kazi iliyopatikana ilikuwa ya kibarua. Zahanati ilitafuta fundi wa kupachika milango, na aliyekuwa karibu mwenye vifaa vyake vya mkono ni Fundi Kesho. Akaenda. Mkewe alimtazama akichagua patasi.

Ilikuwa milango ya unga wa mbao ulioshindiliwa, imepakwa rangi ya maziwa, myepesi kiasi cha kubebwa mkono mmoja. Mvua moja tu ilikuwa imepita juu yake, na iliyokuwa chini ya lundo tayari ilikuwa imenenepa. Fundi aliiranda kingo, akaifunga bawaba, akaijaribu. Ule wa tatu ulikwama. Alipiga magoti, akaanza upya.

Msimamizi akapita, akasimama nyuma yake.

"Hakuna haraka, fundi," alisema kwa sauti ndogo.

Fundi hakugeuka. "Niandikie," alisema.

Msimamizi akacheka kidogo, kisha akaacha. Alibaki amesimama pale na mikono mitupu, na Fundi akaendelea kuranda, mpaka ule mlango ukafunga. Haukufunga vizuri, lakini kabla ya jioni ilikuwa lazima yote iwe imepachikwa, na mara hii aliwahi.