Mutafsiri wa Magari wa Kashikishi

Ukifika soko ya Kashikishi na kuuliza nani anajua habari za magari ya mashindano ya Amerika, hata muuza chumvi atakuonyesha njia. Pita wanawake wanaouza chisense, dagaa wa ziwa letu, pita wanaoshona nyavu, utaona kibanda cha bati na motere za boti zimelazwa mbele yake kama wagonjwa wanaongoja zamu. Mle ndani ndimo anamofanya kazi Ilunga. Anafungua motere, anapuliza karbureta kwa mdomo, anafunga tena, anavuta kamba, halafu anafumba macho na kusikiliza. Wavuvi wanasema sikio lake linaona kutu iliyojificha ndani ya chuma.

Lakini sifa yake hakuipata kwa motere za boti. Aliipata siku za Jumatatu.

Kule Amerika magari yale yanakimbia Jumapili. Ni magari yenye umbo la gari la kawaida, yamejaa rangi na namba, yanazunguka uwanja mara mia mbili na zaidi, yakikata kushoto tu, yamebanana pua kwa mkia. Msimu unaanza mwezi wa pili, wakati ziwa letu linakaribia kufunguliwa kwa uvuvi, na unaisha mwezi wa kumi na moja, kabla ziwa halijafungwa tena. Kwa hiyo mutu wa Kashikishi anauelewa bila kufundishwa: magari yanatembea wakati samaki wanatembea. Chipo, mwenye chumba cha video, alikuwa akiyapakua mashindano mtandaoni Jumatatu asubuhi bila kutazama mwisho, na saa kumi alasiri tunaingia sote. Sheria ilikuwa moja: hakuna kuchungulia matokeo kwenye simu. Nkonde, mvuvi wa Puta, shabiki wa namba nane, alichungulia mara moja na kujisifu mlangoni. Alisimamishwa nje Jumatatu tatu. Alisikiliza msimu wake kupitia ukuta wa bati, mvua ikimpiga, wala hakuondoka.

Karibu na skrini kulikuwa na kigoda, na kigoda kile kilikuwa cha Ilunga, kwa kuwa ndiye aliyewatafsiria wafanyabiashara wa Kongo maneno ya wazungu watangazaji.

Sasa nikuambie jambo ambalo miaka ile yote alilijua mutu mmoja tu zaidi yake mwenyewe. Ilunga hakujua Kiingereza. Alijua maneno matatu tu, la petroli, la spana na la kesho, basi.

Ilianza hivi. Mwaka wa kwanza wa video zile, mvua ilikusanya watu chumbani kwa Chipo, na kwenye skrini magari yalikuwa yanazunguka. Mama mmoja mwenye magunia ya samaki, mama Yolande, akauliza, "Yule muzungu anasema nini?" Ilunga alikuwa amesikia motere ya gari namba arobaini na moja ikikohoa. Akajibu, "Anasema ile arobaini na moja itazimika sasa hivi." Mizunguko mitatu baadaye ikazimika, moshi ukatoka. Watu wote wakageuka wakamtazama. Kutoka siku hiyo akawa mutafsiri.

Yaliyohusu chuma hakukosea, maana aliyasikia. Shida ilikuwa ile nusu saa ambayo magari yanazunguka tu na wazungu hawanyamazi. Watu wanamtazama mdomo. Akaanza kuwapa maisha ya dereva. Dereva wa arobaini na moja, alisema, alikuwa na mdogo wake aliyekuwa anamsukumia gari zamani walipokuwa maskini. Siku moja walihama haraka, nafasi ikawa ndogo, akamwacha barabarani akamwambia, nangojea mbele. Hakumwona tena. Ndiyo maana, alisema Ilunga, yule dereva hatazami kioo cha nyuma.

Alitoa kidogo kidogo, msimu baada ya msimu, na watu walipokea kama chakula. Mama Yolande alimshika dereva yule kama mutoto wake wa tumbo. Aliandika 41 kwa rangi nyekundu kwenye magunia yake yote, hata wapagazi wa ng'ambo ya ziwa wakajua gunia la namba ile ni la nani. Na huko kanisani alikuwa anamwombea yule mdogo mtu aliyeachwa barabarani.

Usimwite Ilunga mwongo haraka hivyo. Mwaka wa 2017, akikimbia vita vya Kongo, alitelemka kwenye boti pale Puta, upande wetu wa ziwa, na kaptula moja na spana moja. Kule Kenani, kambini kwa wakimbizi, aliishi miezi kwenye mistari: msitari wa maji, msitari wa unga, msitari wa karatasi, na hakuna aliyemuuliza unafikiri nini. Kile kigoda cha Chipo ndicho mahali pekee katika nchi hii ambapo watu walingoja neno lake. Angesema mara moja tu, sijui, kingemtoka.

Tukafika mwezi wa kumi, mwaka jana. Arobaini na moja alikuwa wa pili, imebaki mizunguko kumi na miwili. Mama Yolande alikuwa amesimama, kitenge mkononi. Nkonde alikuwa anamchokoza.

"Mama, mutoto wako leo amekula nini? Ubwali wa jana?"

"Wako naye amekula moshi wa wangu. Kaa chini."

Namba nane ikaigusa arobaini na moja nyuma, kidogo tu, kama mutu anavyokugusa bega sokoni. Gari ikageuka ubavu, ikapanda ukuta, ikaruka, ikapinduka mara nne au tano, ikalala na magurudumu juu. Kwanza watu walipiga kelele. Halafu wale watangazaji wakanyamaza. Wanaume wenye nguo nyeupe walikimbia na mashuka, wakayashika kulizunguka gari ili watu wasione.

Sisi tunajua maana ya shuka.

Wale wazungu wakaanza tena kuongea, sauti chini. Nkonde alikuwa amevua kofia.

"Ilunga," mama Yolande akasema. "Banasema nini?"

Ilunga alifumba macho. Lakini motere ilikuwa imezimika, na sikio lake halikuwa na kitu cha kushika.

"Ilunga, papa. Iko muzima?"

Angeweza kusema, iko muzima. Neno lilikuwa limefika mdomoni, aliniambia mwenyewe baadaye. Lakini alilijua neno la namna ile. Siku alipotelemka Puta, mutu mmoja mwema, kwa kumtuliza, alimwambia, "Boti ya pili iko nyuma, inakuja." Alisimama kwenye mchanga siku kumi na moja.

"Sijue, mama," akasema.

"Chipo, ongeza sauti, hasikii," mama Yolande akaamuru.

"Ninasikia. Sijue Kingereza. Sikukijua hata siku moja."

Mama mmoja akacheka, akidhani ni mchezo, kisha akaacha. Nkonde akauliza polepole, "Hata ile uliyotuambia, ya kwamba fundi wa namba nane anaiba mafuta?"

"Hata ile."

"Miaka mitano nimeona haya kwa ajili ya yule fundi," akasema Nkonde, na safari hii hakuna aliyecheka.

Mama Yolande aligeuka kwa Chipo. "Weye ulisoma sekondari. Sema."

Chipo, kwa Kiswahili chake cha sokoni, akasema, "Banasema eko muzima. Anasogeza mukono. Anaongea na madaktari. Mugongo bado hawajue. Mwaka huu hatakimbia tena."

Mama Yolande akakaa. Akapumua. Kisha akamwuliza, "Na weye ulijua huyu anatudanganya?"

"Tangu ile mvua."

"Ukanyamaza?"

"Wale bazungu wanaongea mambo ya mafuta na matangazo ya biashara, mama. Yake ilikuwa muzuri kupita."

Sasa ikabaki zamu ya Ilunga. Alikuwa ameinuka kwenye kigoda, amesimama kama mutu anayengoja kufukuzwa. Mama Yolande hakupandisha sauti. Ingekuwa afadhali angepandisha.

"Miye nilimuombea yule mudogo. Nilifunga chakula juu yake. Kama yule muzungu hana mudogo, nilimuombea nani?"

"Wangu," akasema Ilunga.

Ndipo akaeleza, kwa ufupi, akitazama sakafu. Ufuko wa karibu na Pweto, ng'ambo ya Kongo, risasi nyuma ya nyumba, boti imejaa. Mdogo wake aliingia majini hadi kiunoni, akaisukuma boti iondoke, kwa kuwa nafasi ilikuwa ya mutu mmoja. Yeye atapanda ya pili. Ilunga akamwambia, nangojea mbele. Boti ya pili haikufika Puta, haikurudi Pweto, na hakuna aliyeiona tena.

"Matanga yake mulikaa wapi?" mama Yolande akauliza.

"Hatukukaa."

"Miaka minane?"

"Nitakaaje matanga, mama, na sijaona mwili? Kama akifika kesho akute nilishamulilia?"

Chumba kizima kilisikia swali lile, na kila mutu aliyevuka ziwa alikuwa nalo moja la kwake. Kwenye skrini walikuwa wanafagia vipande vya chuma. Chipo akazima.

"Siku ya posho tutakaa," mama Yolande akasema.

"Mama, sijasema kama..."

"Sikukuuliza."

Siku ya posho ndiyo Jumamosi. Asubuhi benchi za chumba cha video zilitolewa nje, zikapangwa mbele ya kibanda cha motere. Mama Yolande alileta unga na kutandika magunia yake chini kwa ajili ya wanawake. Nkonde alikuja kutoka Puta na kuni na samaki wakubwa watatu, akasema tu, "Ni wa fundi wetu," akaanza kuwaparua magamba mwenyewe. Sikumwona mutu aliyemfokea Ilunga. Sikumwona pia aliyemchangamkia. Walikuja wakamshika mkono, wakakaa. Aliketi chini kwenye mkeka, ndevu hazijanyolewa, na mara kwa mara alitazama majini, kule boti za asubuhi zinakoingia, na kila boti ilipotua nilimwona akihesabu vichwa.

Mchungaji alifika saa nne. Alikuwa mgeni kwa mambo yale, akafungua kitabu chake cha sala na kutoa karatasi.

"Jina la marehemu?"

Wote tulimgeukia Ilunga. Miaka mitano tulikuwa tumesikia habari za mdogo mtu yule, hatujapata kusikia jina.

"Guylain," akasema Ilunga.

"Umri?"

Ilunga alichomoa unyasi mmoja wa mkeka. Mchungaji akadhani hakusikia, akainama. "Alikuwa na miaka mingapi?"

"Alipoisukuma boti, kumi na saba." Akahesabu kwa vidole. "Leo angekuwa na makumi mawili na tano."

Kalamu ikabaki hewani. "Sasa niandike ipi, ndugu?"

Boti moja ilikuwa inaingia, motere yake ikipiga vizuri, na Ilunga hakugeuza kichwa. Alimtazama mama Yolande, naye hakumsaidia, maana jambo lile halisaidiwi. Alipitisha mkono usoni.

"Andika kumi na saba," akasema.

Mama Yolande akafungua kitenge cha kichwani, akaanza kumlilia Guylain kwa jina lake, na wanawake waliokaa juu ya magunia wakampokea kilio.