Msimu Ambao Ami Hakuambiwa

Ijumaa iliyopita nilikuwa napita Al Khoudh, hapa Maskati, natoka kumpelekea mwanangu chakula chuoni, nikasikia ubao unagonga mpira. Vijana wa Kihindi na Kipakistani, siku yao ya mapumziko, wamesimamisha matofali kwenye kiwanja cha mchanga wanacheza kriketi. Nikaweka gari kando, nikateremsha kioo, joto likaingia lote. Mtu angeniona angesema huyu mama kaishiwa petroli. Nilikaa pale mpaka adhana ya alasiri, nalia, na kriketi yenyewe hata siijui.

Wewe mtu wangu, wacha nikuhadithie, maana wanangu nikiwaambia wananitazama tu kisha wanarudi kwenye simu zao. Nyumba ya Babu ilikuwa mtaa wa nyuma ya kiwanja kile. Miaka ya tisini Al Khoudh bado ilikuwa na nafasi: majumba machache, vumbi tele, mbuzi wanajipitia. Babu alijenga alipostaafu kazi ya kusimamia ghala Bandari ya Sultan Qaboos, akatukusanya sote humo, Bibi, Baba, Mama na sisi watoto. Ndani Kiswahili cha Unguja alikotoka Bibi, mlangoni Kiarabu, na mtu akighadhibika vyote viwili. Kazi yetu wasichana ilikuwa kufagia na kukuna nazi. Bibi hataki tui la kopo, ati linaharibu mchuzi wa nguru, basi sisi tukae juu ya mbuzi ya nazi mpaka viuno viume. Naye akipita unamjua kabla hujamwona, kwa harufu ya udi na bangili zake za dhahabu zinavyolia.

Ami alikuwa mdogo wake Baba, kitinda mimba wa Bibi. Alipelekwa Marekani angali mtoto, akakae kwa Shangazi, dada yao mkubwa aliyeolewa kule, asome awe injinia. Kusoma alisoma, lakini mchezo wa besiboli ukamteka, na alipokuwa mtu mzima akawa analipwa mshahara kwa kuucheza. Babu alipoambiwa mara ya kwanza aliuliza, "Analipwa kwa kudaka mpira?" Akaambiwa naam. "Basi Marekani kuna neema," akasema, akaendelea na kahawa yake.

Mchezo wenyewe Ami alitueleza kwa visahani vya kahawa juu ya mkeka. Kuna vituo vinne. Mmoja ana gongo, anatupiwa mpira mdogo mgumu, akiupata anakimbia, na wenziwe wa upande wa pili wanauwania mpira kabla hajafika kituoni. Yeye Ami mahala pake baina ya kituo cha pili na cha tatu, unakokuja mpira chini kwa chini, kwa kasi, unaruka unavyotaka wenyewe. Bibi alisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Khe! Si nage hiyo? Tumeicheza Unguja na kanga viunoni, mbona sisi hatukulipwa hata senti?" Tulicheka siku hiyo, Ami akacheka mpaka akalala kwenye mkeka.

Alianzia timu ndogondogo, za miji ambayo hata Shangazi hakuijua, wanasafiri kwa basi mchana kutwa na wanakula mikate mikavu. Juu yake daraja, na juu ya daraja daraja nyingine, na kule juu kabisa ndiko kwenye timu kubwa. Wengi wanazeeka njiani. Kila mwaka tukimwombea apandishwe, na Bibi akisoma Yasini kwa nia hiyo.

Raha yake ni kwamba mchezo ule ni wa kiangazi. Kule baridi ikianza wanafunga, na kwetu ndipo joto linapovunjika mtu akapata kupumua. Kwa hivyo kwetu sisi watoto Ami na baridi kitu kimoja. Tukitolewa masweta sandukuni, yananuka nondo, tunajua yuko njiani. Nyumba inanuka hiliki, Bibi anakaanga maandazi kutwa, na kila asubuhi ukutani kwa nje, du, du, du, Ami anautupa mpira anaudaka. Bibi akipiga makelele kwamba plasta itabanduka. Wapi! Nani amsikilize?

Majirani wote walikuwa wanatia marumaru kwenye nyua zao. Jirani wetu, mzee wa Kibalushi mwenye roho nzuri na maneno mengi, alimshauri Babu naye atie, apunguze vumbi. Babu akakataa katakata. Alitaka ua wake ubaki changarawe. Alikuwa amegundua kwamba mpira ukipita juu ya changarawe haujulikani utarukia wapi, na mtu akizoea kudaka hapo, majani ya viwanja vya Marekani yatakuwa kwake zulia. Jioni akitoa kiti, anavua kofia, anambiringishia Ami mpira kwa mkono wake mwenyewe, mzee yule na moyo wake mbovu, na Ami anahangaika nao huku na huku. Ukimpita, Babu anasema neno lake moja tu: "Usiukimbie. Uendee." Mama akimwambia aingie ndani kunaingia baridi, anajifanya hasikii.

Kutoka Marekani zilikuja kanda za video. Ya kwanza tulipoitia ilitoa picha haina rangi, inapanda inashuka kama mtu mwenye kwikwi, maana kanda za kule hazikuwafikiana na video zetu. Baba akazunguka maduka ya Ruwi mpaka akapata video inayokubali kila namna ya kanda. Babu akaitazama ile mechi mpaka sote tukaikariri. Hakujua nani kashinda. Alikuwa anamtazama mwanawe tu, namna anavyoinama.

Na kila Ijumaa tukishakula mchana, simu. Kule kwa Ami ni asubuhi. Babu anakuwa wa mwanzo kushika, na suala lake halibadiliki. "Umedaka?" Ami anajibu, "Nimedaka, Baba," kisha anaeleza, na Babu anaitikia, "Ehe... ehe..." uso umemng'ara. Wengine tukipewa salamu za mkia.

Basi mwaka mmoja, msimu ukikaribia kwisha, Ami akapiga siku isiyokuwa Ijumaa. Tulidhani balaa. Kumbe kapandishwa! Timu kubwa! Babu alichinja mbuzi, akagawa mtaa mzima, na yule jirani akala mpaka akashiba ndipo akauliza ni harusi ya nani. Babu wakhti ule alikuwa ameshalazwa hospitali mara mbili kwa ule moyo, na alituapisha: "Mtoto asiambiwe naumwa. Mwacheni amalize msimu wake."

Hakufika mwisho wa wiki ile. Alifariki alfajiri, kitandani kwake, baada ya kusali. Kabla ya adhuhuri alikuwa ameshazikwa, kama ilivyo sunna, na joto la Agosti linavyotaka. Wanaume waliporudi makaburini Baba alikaa ukumbini na vumbi lake miguuni, akasema, "Tusimwambie. Mazishi hayawahi tena. Akija atapoteza alichokihangaikia maisha yake yote, na hakuna atakachokikuta. Baba mwenyewe kaagiza." Babu aliagiza tusimwambie maradhi. Kifo hakukitaja. Lakini siku ile nani angesimama kusema hivyo? Walimpigia Shangazi, akaambiwa, akakubali kwa kilio kuifunga siri. Bibi alikuwa ameshaingia eda. Akasema tu, "Haya. Mungu atusitiri."

Ijumaa ikafika. Sisi watoto tulipigwa marufuku kushika simu, maana mtoto hana kufuli mdomoni. Nilikaa miguuni kwa Bibi. Sauti ya Ami ilikuwa inatoka nje ya simu kwa furaha.

"Mama! Nipe Baba!"

"Babako kalala, mwanangu. Usiku hakupata usingizi."

"Muamshe! Mwambie nimedaka mpira ambao watu wote uwanjani walisimama. Ulikuwa umeshanipita, Mama. Umeshanipita kabisa! Mwambie niliuendea."

Bibi alifumba macho. "Ntamwambia," akasema.

"Mwambie kama nnavyokwambia. Usisahau."

"Sisahau, babaangu."

Akaweka simu, akajifunika kanga uso mzima. Ijumaa ya pili Babu alikuwa kaenda msikitini. Ya tatu koo limemkauka, daktari kamkataza kusema. Ami akaanza kuuliza taratibu, sauti imepungua, na Bibi akazidi kuchangamka, anamtania, anamuuliza lini ataoa. Sijui alizipata wapi nguvu zile. Akishaweka simu hali chakula mpaka kesho yake.

Msimu ukaisha, Ami akaja. Tulikwenda kumpokea uwanja wa ndege wa Seeb, mie nimekaa nyuma garini. Mpango ulikuwa Baba amwambie njiani. Lakini kutoka Seeb mpaka Al Khoudh ni pua na mdomo, na Ami hakunyamaza hata kidogo. Miguuni kaweka mfuko una jezi ya timu kubwa, ya Babu. Tulipofika kwenye mzunguko wa barabara Baba akavuta pumzi, nikajua sasa. Akasema, "Unaona barabara hii? Wanaipanua." Basi. Ndiyo aliyoyaweza.

Ami akaingia ndani mbio na viatu vyake. "Baba! Baba wee, toka uone!" Akafungua mlango wa chumba. Bibi alikuwa ameketi kitandani, kavaa nguo ya eda, hana udi, hana wanja, hana hina. Ami aliitazama mikono yake. Haikuwa na bangili. Mtoto wa Kiislamu gani asiyejua maana yake?

"Lini?" akauliza.

"Mwezi wa nane, mwisho wake."

Nilimwona anahesabu. "Kwa hivyo Ijumaa ile, nilipokwambia ule mpira..."

"Alikuwa na siku nne kaburini, mwanangu."

"Ulisema utamwambia!"

"Nlimwambia," Bibi akasema. "Kila sala nlimwambia."

Ami hakulia. Nilikuwa nangoja alie, sote tulikuwa tunangoja, hata vitambaa tumevishika. Alikaa chini mlangoni na mfuko wake mapajani, akamgeukia Baba, akasema kwa utaratibu kabisa, "Kaka, mlinifanya nifurahi juu ya kaburi la babaangu."

Alisubiri eda ya Bibi ikaisha, akasubiri na baridi ikaisha. Timu ikamwita. Wakapiga simu, wakapiga tena, Baba akamsihi, Bibi akamsihi kwa machozi: nenda, mwanangu, usituachie dhambi hii. Hakwenda. Hakusema kwa hasira. Alisema kila mpira atakaoudaka atajiuliza nyumbani wamemficha nini. Akaajiriwa ofisini, akaoa, akapata watoto wazuri wenye adabu. Kule Marekani mchezaji wa mechi chache kama yeye nani atamkumbuka? Mwaka uliofuata Baba alitia marumaru uani, na hakuna aliyemzuia.

Bibi aliishi na jambo hilo miaka mingi. Kwetu mtoto ndiye anayeomba radhi kwa mzazi, lakini yeye, alipozidiwa na maradhi, ndiye aliyemwomba mwanawe. "Nisamehe, nlidhani nakukinga." Ami akambusu kichwa, akasema, "Nimekusamehe zamani, Mama." Naye alikuwa kweli kamsamehe. Furaha yake tu ndiyo haikurudi. Yule mtu aliyecheka mpaka akalala kwenye mkeka, sisi hatukumwona tena.

Bibi naye alifariki alfajiri. Shangazi kule Marekani alikuwa amelazwa, atapasuliwa siku ya pili yake. Baba, mzee sasa, ameshika simu mkononi, anatutazama mmoja mmoja. "Tungoje kwanza," akasema. "Akishapasuliwa, akipata nafuu, ndipo..."

Ami alikuwa anakunja miswala. Akanyoosha mkono. Baba akasitasita, kisha akampa simu.

"Dada," akasema Ami, "Mama katutoka, sasa hivi. Hatujamwosha bado."

Kilio cha Shangazi tulikisikia chumba kizima. Ami hakumwambia anyamaze, wala hakumwambia ni kazi ya Mungu. Alikwenda kukaa chini kando ya kitanda cha Bibi, akaiweka simu juu ya mto, karibu na sikio la maiti, akasema, "Sema naye, Dada. Mwambie unalotaka." Shangazi akasema naye. Sikusikia alisema nini, na sikutaka kusikia.

Nyumba ile imeuzwa, wamekaa watu wengine na magari yao manne. Kanda za video zimeota ukungu, na video ya kuzichezea haipatikani hata Ruwi. Siku hizi khabari ya kifo inafika kwenye simu za watu kabla maiti hajafunikwa uso, na wenzangu wanalalamika kwamba watu hawana staha. Mie silalamiki.

Siku ile, Shangazi alipomaliza na simu ikakatika, Ami aliinamisha kichwa kwenye ule mto, akalia. Alilia kwa sauti, mtu mzima mwenye mvi, mpaka wanawake waliokuja kuosha wakasimama nje wamngojee. Alikuwa anaita, "Baba, Baba." Hakuna aliyemsahihisha.