Kizibao cha Kupimia Moshi

Kizibao kililetwa asubuhi, na Chausiku alipokinusa tu akajua kimeshavaliwa na nusu ya wanawake wa Tandika. Kilinuka kwapa, kikanuka dagaa, na kwa mbali kikanuka cheuo la mtoto mchanga. Kiunoni kilikuwa na mfuko wenye kimashine kinachonguruma kama paka aliyeshiba. Kutoka hapo mpira mwembamba ulipanda mpaka karibu na shingo, ukaishia kwenye kikopo kidogo chenye karatasi nyeupe ndani.

"Hiki, mama, kinavuta hewa ileile unayovuta wewe," alisema Filomena, binti wa mradi wa afya aliyekuwa akizunguka mtaani kupima moshi wa majikoni. "Kivae kutwa nzima, ufanye kazi zako kama siku zote. Jioni nitakipitia."

"Kama siku zote," Chausiku akajibu, na moyoni akasema, thubutu.

Kwa wanawake wengine upimaji ule ulikuwa mchezo wa siku moja. Kwake yeye lilikuwa suala la jiko. Jiko lile, uani mwa nyumba ya mumewe, alilijenga kwa vitumbua, tofali baada ya tofali, miaka ile ambayo sukari ilikuwa ya foleni na unga wa kujuana. Kisha dunia ikafunguka, maduka yakajaa, mitumba ikamwagika mpaka barazani kwa watu, na Mashaka mumewe akapata akili mbili kwa mpigo: kuoa mke wa pili na kufungua duka la soda. Mke alishampata, Lulu, msichana wa rika la binti yao Hamisa. Duka akataka liwe palepale jikoni, kwa kuwa ukuta mmoja wa jiko ulitazama njia ya wapita kwa miguu. Hakumuuliza mtu. Alipigilia mbao nene kwenye dirisha la jiko, akasema hizo ndizo shelfu, bado friji.

Haikupita muda mtoto wa Lulu akaanza kukohoa.

"Moshi wako huo, Mama Hamisa," Mashaka alisema, tena barazani, mbele ya Mzee Sadallah, mjumbe wa nyumba kumi. "Hawa wa mradi wakipima, wakakuta moshi umezidi, jiko navunja. Mjumbe shahidi."

"Na wakikuta haujazidi?"

"Haujazidi, mie na duka basi."

Huyu ndiye mwanamume ambaye masika nzima alimsikia mkewe mkubwa akikohoa, na neno alilompa ni kwamba akakoholee mbali, yeye anasikiliza redio.

Basi Chausiku akajipanga. Siku hiyo kuni hakuzigusa. Aliazima jiko la mkaa, akapikia nje katikati ya ua, vitumbua vikachelewa na wateja wakamsema. Lakini kabla ya yote hayo kulikuwa na kile kizibao. Tangu azaliwe hakuwahi kuvaa nguo iliyotoka mwilini mwa mwanamke mwingine bila kuifukiza, na hakuona sababu ya kuanza kwa ajili ya mradi. Akatia makaa kwenye chetezo, akadondosha udi, akafunika kapu juu yake na kukitandaza kizibao juu ya kapu, mpaka kikanukia vizuri. Mashine ikanguruma muda wote.

Jioni Filomena akafungua kikopo. Karatasi ilikuwa nyeusi tii.

"Mtume!" Mashaka akapiga kofi pajani. "Mjumbe aitwe! Aje aone!"

"Mashine yenu ina wazimu!" Chausiku alifoka. "Nimepika nje, kwa mkaa, jua lote kichwani mwangu!"

"Kweli, dada kapika nje," Lulu akasema kutoka mlangoni, mtoto begani. "Hata mie nimemwona."

Chausiku alimtazama kwa hasira zaidi. Katika watu wote, wa kumtetea awe huyu!

Filomena alikipeleka kikopo puani, kisha kizibao. "Mama, mbona hiki kinanukia?"

"Kinanukia, ndiyo. Ulitaka kinuke? Nimekifukiza udi."

"Na mashine ikiwa ndani?"

"Sasa ningeitoaje, mie fundi?"

Filomena alikaa kwenye kigoda, akashika kichwa. "Jamani, mama! Umeipimisha moshi wa chetezo!"

"Na wewe unawavalisha watu nguo bila kuifua, unamshangaa nani?"

Mashaka alishikilia kwamba nyeusi ni nyeusi, lakini Filomena akatikisa kichwa. "Hii naitupa, baba. Kesho tunapima upya. Na mama, nakuomba sana, pika unavyopikaga. Nikipima siku ya maigizo, nimepima bure."

Kesho yake Chausiku hakuigiza. Alichoka. Alikivaa kizibao, akawasha kuni za mkorosho palepale jikoni, akainamia chuma cha vitumbua, na moshi ukazunguka kichwa chake ukitafuta pa kutokea, haukupaona, ukapitia mlango wa uani hadi chumbani kwa Lulu. Macho yalimwaga machozi. Basi na wauone, aliwaza. Angalau kwa mara moja mtu ajue kinachoingia kifuani mwangu.

Filomena hakungoja jioni. Aliingia akikohoa, akapapasa ukuta.

"Mama, jiko hili halina dirisha?"

"Lilikuwa nalo."

"Likaenda wapi?"

"Muulize mwenye duka."

Kikopo kilifunguliwa barazani mbele ya mjumbe. Karatasi ilikuwa ya kahawia iliyoiva, inanuka moshi wa kuni.

"Umezidi?" Mashaka akauliza, shingo ndefu.

"Umezidi, baba. Umezidi sana, kwa kuwa hauna njia. Umeufungia ndani na mbao."

Mzee Sadallah akamgeukia Lulu. "Mtoto alianza kukohoa lini, kabla ya mbao au baada?"

"Baada," Lulu alidakia, kama mtu aliyekuwa akingoja kuulizwa.

"Aa, si suala la mbao hilo, mjumbe," Mashaka akaingilia, "tulisema moshi..."

Chausiku hakukaa kusikiliza mwisho wake. Alichukua shoka la kuchanjia kuni, akaingia jikoni. Ubao wa kwanza ulipasuka, moshi ukafumka njiani, na mpita njia mmoja akapiga kelele kuuliza kama nyumba inaungua.

"Mbao zangu hizo!" Mashaka alilia dirishani. "Mninga huo!"

"Vizuri. Mninga unashika moto. Kesho vitumbua vitaiva mapema."

Akapiga wa pili. Mwanga ukaingia mpaka kwenye mafiga. Filomena alisogea mlangoni, kizibao mkononi.

"Mama, tupime tena sasa, dirisha likiwa wazi?"

"Kilete," Chausiku alisema, akihema. "Lakini kifue kwanza, mwanangu. Nimechoka."